Saba Saba katika Kalenda ya Ngoma: Mtazamo kutoka Nambilanje



1.0 Utangulizi

Historia ya muziki wa Tanzania aghalabu huandikwa kwa kufuata miji, bendi na watunzi. Mwandishi huanzia Dar es Salaam, hupita Tanga na Morogoro, huorodhesha majina ya bendi pamoja na miaka ya kuundwa na kuvunjika kwake, kisha hufunga kitabu. Njia hiyo imetoa maarifa mengi na hapana sababu ya kuibeza. Hata hivyo, ina upungufu mmoja mkubwa: humwacha nje mtu aliyeishi mbali na ukumbi wa dansi, kana kwamba hakuwa na muziki mpaka aliponunua redio.

Mhadhara huu unafuata njia nyingine. Unachukua siku moja tu ya mwaka, tarehe 7 Julai, na kuitazama kutoka mahali pamoja, yaani Nambilanje. Nambilanje ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi. Kabla ya Ruangwa kuwa wilaya katika miaka ya 1990, eneo hilo lilikuwa chini ya Nachingwea, na ndiyo maana hadi leo historia ya wilaya hizo mbili husimuliwa kwa pamoja. Ni nchi ya wakulima wa korosho, ufuta, mahindi na mbaazi. Lugha yake kubwa ni Kimwera, na majirani zake ni Kimakonde, Kiyao na Kimakua. Jina lenyewe linaonyesha ukoo wake. Kiambishi na- kilicho mwanzoni mwake kimeenea mno katika majina ya mahali ya kusini mashariki: Nachingwea, Namungo, Nandagala, Nanganga, Nanyumbu.

Hoja ya mhadhara ni hii. Saba Saba iliota mizizi katika vijiji vya kusini kwa kuwa iliangukia katika msimu wa ngoma, na historia inayojengwa juu ya kanda za redio peke yake haiwezi kuliona jambo hilo. Suala hili limepata uzito mpya tangu Novemba 2021, UNESCO ilipoitangaza tarehe hiyohiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

2.0 Jina la siku

Inafaa kuanza na jina. Katika sarufi ya Kiswahili, kurudia namba huleta maana ya ugawaji. Mtu akisema kwamba watoto walipewa maembe saba saba, kila msikilizaji huelewa kuwa kila mtoto alipata maembe saba. Saba Saba ya Julai haina maana hiyo. Ni ufupisho wa maneno “tarehe saba, mwezi wa saba”, ambamo maneno ya kuunganisha yamedondoshwa na namba mbili zikabaki zimesimama bega kwa bega.

Ufupisho huo usingewezekana laiti watu wangekuwa wanaita mwezi huo Julai tu. Katika sehemu kubwa ya Tanzania, na hasa vijijini, miezi huitwa kwa idadi: mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mwezi wa tatu. Kwa hiyo jina la siku lilitoka katika mazungumzo ya kawaida, na mtu hakuhitaji kalenda ya ukutani ili alielewe. Tena lina silabi nne zenye mkazo unaojirudia, sá-ba sá-ba, mpangilio unaobebwa kwa urahisi na mguu unaotembea na mkono unaopiga ngoma.

Muundo huo umekuwa na uzazi. Nane Nane, tarehe 8 Agosti, uliundwa kwa kuufuata. Nchini Kenya jina Saba Saba lilipata maana nyingine kabisa baada ya tarehe 7 Julai 1990, siku ya mkutano uliopigwa marufuku katika viwanja vya Kamukunji, Nairobi, wakati wa kudai vyama vingi. Neno ni moja, lakini kumbukumbu linazozibeba ni mbili. Hiyo ni dalili kwamba tarehe haina maana mpaka watu waijaze.

3.0 Ngoma kabla ya tarehe

Nchi ya Wamwera ilikuwa na kumbukumbu za sauti kabla ya chama chochote cha siasa. Katikati ya mwaka 1906, Vita vya Maji Maji ambamo Wamwera walishiriki vikiwa bado havijaisha kabisa, mtaalamu Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alishukia Lindi, akaingia bara hadi Masasi na Newala. Alibeba mashine ya kunasia sauti katika mitungi ya nta, na kamera ya picha zinazotembea. Kwa vifaa hivyo alinasa nyimbo na ngoma za watu wa eneo hilo, kisha akachapisha maneno ya baadhi yake. Alifanya hivyo chini ya utawala uliokuwa umetoka kuwaangamiza watu kwa risasi na kwa njaa, na mazingira hayo hayapaswi kusahauliwa kila mitungi ile inapotajwa. Hata hivyo, kuna jambo dogo ndani ya kazi yake linalostahili kushikwa. Weule aliandika jina la mwimbaji kipofu aliyemsikiliza: Sulila. Zaidi ya karne moja imepita, na mtu huyo bado anaweza kutajwa kwa jina lake. Mhadhara utalirudia jambo hilo baadaye.

Wimbi la pili lilikuja na Vita vya Kwanza vya Dunia. Mkoa wa Lindi ulikuwa uwanja wa mapigano makali, na yale ya Mahiwa ya Oktoba 1917 ni miongoni mwa makubwa zaidi katika Afrika Mashariki. Pamoja na askari na wapagazi ilikuja ngoma ya beni, iliyokuwa imezaliwa katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19. Jina lake limetokana na neno la Kiingereza la bendi. Wachezaji walijipanga kijeshi, wakapeana vyeo na kushindana kwa mavazi na nyimbo. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameonyesha jinsi vyama vya Marini na Arinoti vilivyoenea kutoka mji hadi mji. Kwa mwanaisimu, jambo muhimu ni kwamba beni iliimbwa kwa Kiswahili. Huu ni mfano wa mapema wa muziki wa burudani uliowakusanya watu wa lugha mbalimbali chini ya lugha moja bila amri ya serikali.

Wimbi la tatu lilikuwa la karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Reli ilijengwa kutoka bandari mpya ya Mtwara. Mwaka 1951 mpango ulitupwa, na baada ya miaka michache ya uhuru reli nayo ikang'olewa. Kambi za vibarua zilikuwa zimewakutanisha watu wa makabila mengi, waliolipwa mshahara na waliohitaji lugha ya kuelewana kazini na katika mapumziko. Karanga hazikustawi, lakini Kiswahili kilistawi.

4.0 Tarehe 7 Julai 1954 na sauti za wanawake

Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TAA kiligeuzwa kuwa TANU mjini Dar es Salaam, na Julius Nyerere akawa kiongozi wake. Vitabu vya shule hueleza mkutano huo kwa majina ya wanaume waliohudhuria. Mwaka mmoja baadaye palitokea jambo ambalo historia ya muziki haina budi kuliweka mbele. Katikati ya mwaka 1955, John Hatch wa Chama cha Labour cha Uingereza alipotembelea Tanganyika, aliuliza kama TANU ilikuwa na wanawake. Jibu lilipatikana kwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha ngoma cha Bomba.

Bibi Titi hakuanza na ofisi. Alianza na mtandao uliokuwapo tayari, yaani vikundi vya ngoma na lelemama vya wanawake wa Dar es Salaam, vilivyokuwa na viongozi wao, michango yao, sare zao na utaratibu wa kualikana. Katika muda wa miezi michache maelfu ya wanawake walijiandikisha. Utafiti wa Susan Geiger, uliochapishwa mwaka 1997 kutokana na mahojiano na wanawake hao wenyewe, umeonyesha kwamba wao waliieneza TANU na pia utamaduni wa kitaifa uliovuka ukabila, nao walikuwa wameuzoea katika ngoma kabla ya kuusikia katika siasa. Wakati huo vilabu vya taarabu vya Egyptian na Al-Watan vilikuwa sehemu ya maisha ya mji huohuo.

Kwa hiyo ni sahihi kusema kwamba chama kilizaliwa tarehe 7 Julai, lakini sauti yake ilitoka katika ngoma iliyokuwa na umri mkubwa kuliko chama.

5.0 Kalenda mbili zinapokutana

Hapa ndipo Nambilanje inapotoa mwanga ambao Dar es Salaam haiwezi kuutoa. Baada ya uhuru, taifa lilikuwa na siku kuu kadhaa za kisiasa. Mbili kati yake ni 9 Desemba, siku ya Uhuru, na 7 Julai, siku ya TANU, iliyokuja kuitwa pia Siku ya Wakulima. Kwa mtu wa mjini tofauti kati ya siku hizo ni ya hotuba tu. Kwa mkulima wa Ruangwa tofauti ni ya mvua.

Kusini mashariki kuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili au Mei. Siku ya Uhuru humkuta mkulima na jembe mkononi. Ghala limepungua na mbegu ziko ardhini. Chakula cha kuwakirimu wageni ni haba, na njia za kupita nazo zina matope. Saba Saba humkuta akiwa amekwisha kuvuna. Kiangazi kimeshika na njia zimekauka. Nafaka ya pombe na ya ugali ipo, na ufuta umeanza kuleta fedha. Ndiyo miezi ambayo tangu zamani Wamwera na majirani zao wamefanya jando na unyago. Wapigaji wako tayari, ngozi za ngoma zimewambwa, na waalikwa wanatembea kutoka kijiji hadi kijiji.

Kwa hiyo serikali ilipoagiza kwamba siku ya chama isherehekewe kwa ngoma, haikuwa na haja ya kuleta kitu kipya Nambilanje. Kalenda ya chama iliikuta kalenda ya ngoma ikiwa imesimama palepale. Kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, hasa kati ya miaka ya mwisho ya 1960 na 1976, kulizidisha jambo hilo: watu waliokuwa wametawanyika walijikuta wakiwa na uwanja mmoja, shule moja na ofisi moja ya chama. Uwanja huo ulipokea ngoma, kwaya za shule na ngonjera, utanzu uliobuniwa na Mathias Mnyampala na kuenezwa sana baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Ukiziweka siku hizo mbili sambamba, utaona kwamba katika mazingira ya aina hii 9 Desemba ilikuwa siku ya kusikilizwa redioni, na 7 Julai ilikuwa siku ya kuchezwa. Tofauti hiyo haimo katika sheria yoyote ya sikukuu. Imo katika mawingu na katika ghala.

6.0 Redio, bendi na swali la jina

Redio nayo ina historia yake. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na baada ya mabadiliko kadhaa ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Mpaka sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua njia kwa vituo binafsi, hiyo ndiyo iliyokuwa redio pekee ya Tanzania Bara. Kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda imara cha santuri, studio ya redio ndiyo iliyokuwa mahali pakuu pa kurekodia. Sehemu kubwa ya muziki wa dansi inayokumbukwa leo imo katika kanda zake, ambazo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania.

Bendi hizo hazikuwa mbali na kusini kama inavyodhaniwa. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilifanya kazi Dar es Salaam, lakini jina lake lilitoka katika mji wa Mkoa wa Lindi wa leo. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilibadili jina kila chama hicho kilipobadilika, ikawa Juwata, kisha OTTU. Jina lililodumu kuliko yote ni lile la mtindo wake: Msondo. Kamusi za Kiswahili hueleza kuwa msondo ni ngoma ndefu, na kwa Wayao neno nsondo huhusishwa na unyago wa wasichana. Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, nayo ilijiita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba katika bendi zote mbili. Kwa hiyo bendi mbili zilizogombea mioyo ya wakazi wa Dar es Salaam kwa gitaa za umeme na tarumbeta zilijitambulisha kwa majina ya ngoma za asili. Mkazi wa Nambilanje aliyewasha redio na kulisikia neno msondo likitamkwa na mtangazaji hakuwa akikutana na neno geni. Alikuwa akirudishiwa chake, kikiwa kimevaa suti.

Pamoja na hayo, kuna mizani isiyo sawa. Wimbo wa bendi hutangazwa kwa jina la wimbo, la mtunzi na la bendi. Ngoma ya kijijini, kwa mazoea ya watangazaji na waandishi, hutambulishwa kwa jina la kabila: ngoma ya Wamwera, ngoma ya Wamakonde. Mpigaji hana jina, mwanzishaji wa wimbo hana jina, na maneno aliyoyatunga mtu mmoja katika mwaka fulani kuhusu jambo fulani hugeuka kuwa mali isiyo na mwenyewe. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuwa Rais, Nyerere alisikitika kwamba vijana waliosoma walijua twist na rock 'n' roll kuliko gombe sugu, mangala na lelemama, na akaunda wizara ya utamaduni. Sera hiyo iliirudishia ngoma heshima. Haikumrudishia mchezaji jina. Mgeni aliyepita mwaka 1906 na mitungi ya nta, pamoja na lawama zote anazostahili, aliandika jina la Sulila. Ni aibu kwa taaluma ikiwa kanda zilizorekodiwa na Waafrika huru zitashindwa kufanya hivyo.

7.0 Siku ya Kiswahili, siku ya nani?

Baada ya vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, Saba Saba ilipoteza sura yake ya chama. Jina lake sasa hutajwa zaidi pamoja na maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam. Wakulima walihamishiwa Nane Nane, ambayo kwa mikoa ya Lindi na Mtwara huadhimishwa katika viwanja vya Ngongo, Lindi. Ilielekea kwamba tarehe 7 Julai ingebaki siku ya mabanda ya bidhaa.

Uamuzi wa UNESCO umeirudisha katika uwanja wa lugha. Tarehe ilichaguliwa kwa kukumbuka kwamba TANU ilikifanya Kiswahili chombo cha kudai uhuru, na maadhimisho ya kwanza yalifanyika tarehe 7 Julai 2022. Kila mpenzi wa Kiswahili ana haki ya kufurahi. Lakini furaha hiyo ina swali ndani yake. Katika uwanja wa Nambilanje, siku hii ilijazwa kwa sehemu kubwa na watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kimwera. Je, wakiambiwa kwamba leo ni siku ya Kiswahili, waache nini nyumbani?

Swali hili halijibiwi kwa kukipunguzia Kiswahili hadhi. Kiswahili kilichowaunganisha vibarua wa karanga na wanawake wa Bomba hakikufanya hivyo kwa kufuta lugha nyingine, na msamiati wake wa muziki ni ushahidi. Msondo, sikinde, sindimba, mdundiko na unyago ni maneno yaliyoingia katika Kiswahili sanifu kutoka katika viwanja vya ngoma za makabila. Mto unaojivunia maji yake hauwezi kuvidharau vijito.

Hata hivyo vijito vinakauka. Kimwera kina kitabu cha sarufi cha Lyndon Harries kilichochapishwa mwaka 1950, na kimewekwa katika Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009 iliyotolewa na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hicho ni kiasi kidogo kwa lugha ya watu wengi hivyo. Mashairi ya ngoma ndiyo hazina yake kubwa ya sanaa ya maneno, nayo yamo vichwani mwa wazee. Kijana anayekwenda mjini huyasikia mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa saba, akirudi likizo.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Mhadhara umeonyesha mambo matatu: kwamba Saba Saba ilipata sauti kutoka kwa waimbaji wa ngoma kabla ya kupata sherehe za serikali, kwamba vijijini kusini ilidumu kwa kuwa iliangukia katika kiangazi cha mavuno na unyago, na kwamba kumbukumbu za redio zimehifadhi majina ya watu wa bendi na kuyaacha ya watu wa ngoma.

Yanatokana na hayo mapendekezo matatu. Kwanza, idara za Kiswahili zitumie maadhimisho ya kila tarehe 7 Julai kurekodi nyimbo za ngoma katika kata kama Nambilanje, kwa lugha zinazoimbwa, zikiandamana na tafsiri ya Kiswahili. Pili, kila rekodi iandikwe jina la mwanzishaji wa wimbo, wapigaji, mahali na tarehe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua sanaa za jadi. Kinachokosekana ni daftari la shambani lililojazwa kwa uaminifu. Tatu, mtafiti akubali kukatazwa. Nyimbo za ndani za jando na unyago zina wenyewe na zina miiko. Somo akisema wimbo huu hautoki nje ya nyumba, mashine izimwe. Rekodi iliyoibwa haiwi hifadhi.

Kazi hii haihitaji jengo jipya wala fedha nyingi. Inahitaji wanafunzi wachache wanaojua Kimwera, ambao kwa sasa wamo katika vyuo vya nchi hii na aghalabu hawajawahi kuulizwa kuhusu lugha yao. Inahitaji pia wafike mwezi wa saba, wakati ngozi za ngoma zimekauka na wazee wana nafasi ya kukaa nao.